Diski tatu za Mission: Impossible – Fallout, kwa masikio ya fundi wa matatu

Ndani ya kasha mna diski tatu, na mashine yangu inasoma mbili tu. Ile ya tatu, ya 4K, yaani yenye picha kali kuliko zote, ndiyo iliyotangazwa kwa herufi kubwa juu ya jalada na ndiyo iliyopandisha bei. Shemeji yangu aliyeninunulia huko Uingereza hakujua, nami sikumwonya, kwa kuwa nilijidanganya kwamba PlayStation 4 ni mashine ya kisasa, basi itameza chochote. Wapi! PS4 inasoma Blu-ray ya kawaida na kuishia hapo. Hata ile Pro inayojigamba kwa michezo ya 4K, filamu ya 4K ya diski haiitambui. Niliitia, ikazunguka kidogo ikinung'unika, halafu ikaandika kwenye kioo kwamba hiki ni kitu haikijui. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Nitaanza na hizo mbili zilizokubali kuimba, Blu-ray ya filamu na diski ya ziada.

Kazi yangu ni kufunga muziki kwenye matatu hapa Nairobi. Ukipanda gari la Umoja au la Kayole jioni na besi ikakutikisa mbavu, huenda mkono wangu umepita hapo. Na kama uliteremka kichwa kikikuuma, pole, mwenye gari ndiye aliyetaka hivyo. Nasema haya mapema ili ujue ninaipima filamu kwa kiungo gani. Habari za uigizaji waulize wengine.

Filamu yenyewe ni ya mwaka 2018, mwongozaji Christopher McQuarrie, urefu wake saa mbili na dakika 27. Kisa hakina ugumu. Kuna mipira mitatu ya plutonium. Jasusi Ethan Hunt anapolazimika kuchagua kati ya mipira hiyo na uhai wa rafiki yake, anamchagua rafiki, mipira inapotea, na sasa anaitafuta huku CIA wamemwekea pembeni jitu moja la masharubu, August Walker, limchunge. Tom Cruise ndiye steringi, na steringi hafi, hilo tulifundishwa kwenye video show tukiwa wadogo. Kinachokukesha ni vile anavyoponea chupuchupu kila baada ya dakika kumi.

Nimeitazama kwa njia tatu. Mara ya kwanza ilikuwa IMAX, sinema ya kioo kikubwa, pale 20th Century Plaza kwenye barabara ya Mama Ngina, mwaka ule ule ilipotoka, mimi na mke wangu tumevaa kama watu wanaokwenda arusini. Mara ya pili ilikuwa kwa flashi: mwenye gari mmoja alitaka skrini ndani ya gari lake, akaniletea flashi aliyojaziwa filamu mjini kwa shilingi 50 kila moja. Ni haramu, najua, na wewe unajua. Mara ya tatu ndiyo hii diski.

Ile flashi ndiyo iliyonituma kuitafuta diski, na sababu ni sauti. Picha nayo ilikuwa mbovu, giza lote limegeuka visanduku vya kijivu vinavyotambaa kama chawa, lakini jicho husamehe. Sikio halisamehi. Filamu nzima ilikuwa imebanwa ikaingia kwenye GB moja na nusu, wakati diski ya Blu-ray ya tabaka mbili hubeba GB 50. Aliyeinakili alikuwa amezikusanya sauti zote zikawa za spika mbili, kisha akazisawazisha. Mtu ananong'ona, helikopta inagonga mlima, na vyote viwili vinakufikia kwa kimo kimoja.

Kwenye matatu hilo halina neno. Sisi wenyewe muziki tunaubana makusudi, kwa sababu kilicho cha chini kitamezwa na injini ya dizeli na makelele ya makanga. Ndani ya gari sauti ndogo haina maisha. Sasa, filamu hii ni ya mapigano na milio, lakini imejengwa juu ya sauti ndogo, na nilikuwa sijalijua hilo mpaka nilipoisikia kwa diski sebuleni kwangu.

Sebule yenyewe usiifikirie kubwa. Ni chumba cha Umoja, makochi yameegemea kuta tatu na runinga ya inchi 43 iko kwenye ukuta wa nne. Amplifaya ni ya mtumba kutoka barabara ya Luthuli, shilingi 14,000, ya kabla ya enzi za Atmos, ile sauti inayokufikia hadi kutoka darini. Spika tano ndogo, na woofa ya inchi 12 ambayo sanduku lake nilipiga randa mwenyewe. Ndiyo pambo la nyumba, mke wangu ameitandikia kitambaa na kuweka maua juu yake, na kila ninapotaka kutazama filamu lazima niombe ruhusa ya kuyahamisha.

Kabla ya kucheza kuna mambo mawili ya ufundi nikuepushe nayo. La kanda kwanza, maana limewaumiza wengi. Enzi za DVD dunia iligawanywa vipande vipande, sisi Kenya tukawekwa kanda ya 5 na Uingereza kanda ya 2, ndiyo maana zile DVD alizoleta shangazi kwenye sanduku zilikuwa zikigoma mpaka fundi achezee rimoti. Kwenye Blu-ray tumo kanda B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati, kwa hiyo diski ya London na mashine iliyopitia Dubai zinasikilizana bila mkalimani. Za 4K hazina mambo ya kanda kabisa. La pili: PS4 ambayo haijawahi kucheza filamu ya diski hudai intaneti mara moja kwanza, nami nikaipa bando la simu. Halafu ukitaka sauti ifike kwenye amplifaya ikiwa imefungwa vile vile ilivyotoka kwenye diski, tafuta mpangilio wa bitstream. Umefichwa. Huupati mpaka filamu iwe inacheza ndipo ubonyeze Options. Nilihangaika nusu saa, mimi ninayelipwa kwa mambo haya. Amplifaya yangu ilipoandika TrueHD, jina la sauti ya diski isiyopunguzwa, kwenye kijikioo chake cha bluu, nilipiga makofi peke yangu.

Basi tuje kwenye choo.

Ndiyo, choo. Kuna sherehe Paris, ndani ya lile jumba la Grand Palais, na Hunt na Walker wanamfuata mtu mmoja hadi msalani ili wamdunge sindano kimyakimya. Huyo mtu, anayeigizwa na Liang Yang, anawageuzia kibao. Wanapigana watatu, vigae vyeupe kila mahali, na muziki wa filamu haumo hata chembe. Kwenye flashi niliona fujo tu. Kwenye diski nilisikia chumba. Kigae kina mwangwi wake, mfupi na mkali, na kila pigo linakwenda kugonga ukuta wa nyuma, yaani kochi langu la nyuma, kisha linarudi. Kioo kinavunjika upande wa kushoto na vipande vinaendelea kudondoka baada ya watu kuondoka hapo. Soli ya kiatu inateleza kwenye maji. Kati ya pigo na pigo kuna kimya, unasikia watu wazima wakitweta, na kimya hicho ndicho kinacholifanya pigo linalofuata likuumize. Walker anavua koti, anakung'uta mikono kama anayepakia bunduki risasi. Mkewe wa jirani wa juu alikuwa amebandika maharagwe, na katika kile kimya tulisikia presha kuka yake ikipiga mluzi. Haikuharibu kitu. Ilifanana na sehemu ya filamu.

Kesho yake mama mwenye nyumba akanipigia. "Fundi, huko kwako kuna amani?" Nikamwambia iko, mama, ilikuwa ni filamu. "Basi hiyo filamu iambie watu wanalala."

Nimerudia choo kile mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hapa, na bado nasikia jipya. Kama umeshawahi kufunga spika kwenye chumba kidogo unajua mwangwi ni adui, unaupiga vita kwa zulia na pazia. Hawa jamaa wameuchukua adui wakamwajiri.

Pale wanaporuka kutoka kwenye ndege ni habari nyingine. Mlango wa nyuma wa ile ndege kubwa ya mizigo unapoanza kufunguka, besi inaingia kutoka chini pole pole, si ile ya kugonga, ni ile ya kusukuma hewa ya chumba. Glasi za kabatini zilianza kugusana. Wakati huo huo picha inafanya jambo ambalo binti yangu aliliona kabla yangu: mistari myeusi ya juu na chini inafunguka na picha inajaza karibu kioo chote. "Baba, TV imekua." Sehemu hiyo, pamoja na ile ya helikopta mwishoni, zilitengenezwa kwa ajili ya IMAX, na diski zimeutunza huo ukubwa. Na usidhani ni ile ya 4K peke yake, Blu-ray ya kawaida pia inao. Kwenye flashi mistari ilibaki pale pale mwanzo hadi mwisho, maana yake vipande vya anga vilikatwa na mtu asiyejulikana kwenye kibanda kisichojulikana.

Mruko wenyewe walikwenda kuupiga Abu Dhabi, kutoka futi 25,000. Walitaka mwanga wa magharibi, ule unaodumu dakika chache tu, hivyo kwa siku walipata nafasi moja. Jumla waliruka mara 106 ili wapate vipande vitatu walivyovihitaji. Mpiga picha naye aliruka pamoja na steringi, kinyumenyume, kamera iko kichwani. Haya yote nimeyapata kwenye diski ya ziada, nami nikaanza kumheshimu yule mpiga picha kuliko steringi. Kuruka nani hawezi akisukumwa! Lakini kuruka kinyumenyume ukikumbuka kuweka uso wa mwenzio katikati ya fremu, hapana.

Mbio za Paris nitazipitia haraka kwa sababu ni nzuri na hazihitaji mwanasheria. Kuna BMW ya zamani, M5 ya umbo la E28, na injini yake imerekodiwa kwa heshima: husikii mlio wa gari tu, unasikia gari hilo. Kuna pikipiki inayozunguka Arc de Triomphe kinyume cha magari, dereva hana helmeti. Jirani yangu wa bodaboda alikuwa amekaa mkono wa kiti, akasema hiyo ni mzunguko wa Globe saa kumi na moja jioni kabla ya daraja kujengwa, yeye mwenyewe amewahi, na polisi hawakumpiga picha, walimpiga faini. Nikamwambia anyamaze, kuna kitu nasikiliza.

Na kule London, Hunt anakimbia juu ya mapaa, anaruka kutoka jengo moja kwenda lingine, anajipigiza ukutani. Hapo ndipo Cruise alipovunjika kifundo cha mguu, Agosti 2017, kweli kweli, na picha hiyo ndiyo iliyobaki ndani ya filamu. Ukitazama kwa diski unaweza kusimamisha na kusogeza kidogo kidogo bila kusubiri duara lizunguke. Mguu unapinda pasipopaswa. Anasimama, anachechemea mbele ya kamera mpaka anatoka kwenye fremu, kwa sababu anajua akikaa chini siku hiyo hawatapata kipande kingine. Binti yangu aliirudisha mara tano. Mke wangu alitoka akaenda jikoni.

Muziki ni wa Lorne Balfe, naye amejaza bongo, zile ngoma ndogo mbili za kupiga kwa vidole, si Bongo ya jirani zetu wa Dar. Wimbo wenyewe wa asili, ule kila mtu anaujua, ni wa Lalo Schifrin tangu 1966, na umepangwa kwa mapigo matano badala ya manne. Jaribu kuuhesabu: utakuacha nyuma. Vijana wa gereji walitaka niupige kwenye gari, nikawaambia abiria watashindwa kutikisa kichwa, mmoja wao akajaribu, akashindwa.

Hapo kuna jambo la ziada ambalo kwangu lilistahili nusu ya bei. Unaweza kuitazama filamu ukiwa umechagua muziki mtupu, bila maneno wala milio. Nilifanya hivyo usiku mmoja, nimezima taa, na nilipofika chooni kila kitu kikafa. Kimya kabisa. Nilishtuka nikajua amplifaya ya Luthuli imekwenda. Nikainuka, nikashika nyaya, nikachungulia fyuzi kwa tochi ya simu, nikaanza kumtukana moyoni yule kijana aliyeniuzia. Watu watatu wanapigana kwenye runinga bila sauti nami nimepiga magoti nyuma ya kabati. Kisha tukio likaisha, muziki ukaingia. Kumbe hapakuwa na kosa. Nilishakwambia hapo juu kwamba choo hakina muziki. Mwenyewe nilikuwa nimesahau.

Diski ya ziada ina simulizi ya utengenezaji, sehemu saba, karibu saa nzima ukizifuatanisha, na ni kazi safi, watu wanaeleza kazi yao badala ya kusifiana tu. Maelezo ya sauti juu ya filamu yako matatu: McQuarrie na Cruise pamoja, McQuarrie na mhariri Eddie Hamilton, kisha Balfe peke yake. La mhariri ndilo la kwanza kusikiliza kama una muda wa moja tu. Cruise ni mchangamfu mno, kila kitu kwake ni cha ajabu. Vipande vilivyokatwa vimeunganishwa vikawa kama wimbo mmoja mfupi, havikutolewa kimoja kimoja, na hapo niliona wametubania. Tafsiri ya Kiswahili hakuna, wala sikuitarajia. Mke wangu alisema filamu hii inamhitaji DJ Afro aiingize kwenye lugha ya watu, nami nilicheka lakini nilimwelewa: sisi tulizipenda filamu za mapigano kupitia sauti za watu wa namna yake, na nyumbani kwetu Walker tayari anaitwa Masharubu.

Sasa ile ya 4K. Iliniuma kuiona imelala kwenye kasha kama mgeni asiyepewa chai. Mwaka jana nilimfungia mzee mmoja wa Lavington spika, nne kati ya hizo juu kwenye dari, na ana mashine inayosoma diski hizo. Nikampigia, nikasema nataka kuja kukagua kama nyaya za dari hazijalegea. Haikuwa uongo mzima.

Mzee aliketi, tukaanzia Berlin usiku. Ile giza iliyokuwa visanduku kwenye flashi, na iliyokuwa nyeusi nzuri kwangu Umoja, hapa ilikuwa na vina: koti jeusi mbele ya ukuta mweusi, na unaviona viwili. Taa za gari zinapogeuka unafinya macho. Ndiyo kazi ya Dolby Vision, ufundi wa kupanua tofauti ya mwanga na giza, na runinga ya mzee inaiweza. Lakini dakika tano hazijapita akaniambia, "Fundi, mbona picha ina mchanga? Ni hii waya yako?" Si waya, mzee. Filamu hii kwa sehemu kubwa ilipigwa kwa mkanda wa milimita 35, na mkanda una chembe zake, kama sima ilivyo na chembe za mahindi. Diski nzuri inakuonyesha chembe, diski ya ujanja inazipangusa na kukuachia nyuso za nta. Hakuridhika. Tulipofika kwenye mruko wa ndege, uliopigwa kwa kamera ya dijitali, picha ikasafika, akasema, "Ona, sasa imepona." Nikaacha.

Helikopta ndizo zilizomnyamazisha. Filamu inasema ni Kashmir, ila milima ile ni ya New Zealand, na Cruise alijifunza kurusha helikopta ili aketi usukani mwenyewe. Kwangu Umoja zilipita kushoto, kulia, nyuma, nikatosheka. Pale Lavington ilipita juu. Juu kabisa, kutoka pembe moja ya dari hadi nyingine, na kila panga linakata hewa peke yake. Dada wa kazi alitoka jikoni akaenda dirishani akachungulia angani. Mzee alimwona, akanigeukia, akanipa mkono bila kusema neno. Kwa fundi huo ni mshahara.

Nikirudi kwangu niliweka ile ya kawaida tena nikasikiliza kwa roho mbaya, nikitafuta kinachokosekana. Kwa picha, kwenye inchi 43 na kochi likiwa mita tatu, tofauti ipo lakini inabidi uitafute. Kwa sauti, diski zote mbili zimebeba Atmos, kwa hiyo kilichonipungukia ni dari, wala si diski. Ubaya mkubwa nilioupata nyumbani haukutokana na diski hata kidogo: stima zilipotea Hunt akiwa ananing'inia kwenye kamba ya helikopta, zikarudi baada ya dakika arobaini, PS4 ikaanza kujikagua tumbo, kisha ikatuanzishia filamu kutoka mwanzo. Watoto walikuwa wameshalala.

Shemeji alilipa pauni 13 kwa kasha la mtumba lenye hali nzuri, kama shilingi 2,200, na likaja ndani ya sanduku la nguo kwa hiyo sikulipa kingine. Ukiwa na PS4 na runinga ya kawaida, nunua ile isiyo na 4K, ni nafuu na hutapoteza chooni hata tone. Ukiwa na PS5 yenye mlango wa diski, hiyo inaisoma 4K, ila Dolby Vision ya diski haiitoi, utapata toleo la kawaida la ufundi huo, HDR. Ukiwa unasikilizia spika za runinga yenyewe, usinunue yoyote. Nunua spika kwanza, hata mbili, kisha uje tuongee. Na kabla hujamlipa muuzaji wa mtumba mwambie afungue kasha mbele yako, au akutumie picha likiwa wazi, uhesabu. Ile diski ya ziada haina filamu ndani yake, wengi huiona ni ya bure na kuitoa, na wewe ndiwe utakayeikosa simulizi ya mruko na ya mguu.

Kasha langu kwa sasa lina diski mbili. Ya 4K bado iko Lavington. Nimepiga simu mara mbili, na mzee anasema hajamaliza kuitazama.